UZI: Addis Ababa nje ya uwanja wa Bole, tuliotembea tuelezane

Nahodha wa Bara (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Wengi wetu Addis tunaijua kwa kupita. Unashuka Bole usiku, macho yamevimba, unakimbizana na geti la ndege ya Guangzhou au Dubai, unajibanza ukutani karibu na soketi uchaji simu, alfajiri unaruka. Ukifika nyumbani unaihesabu Ethiopia kwenye nchi ulizofika. Mimi naona tunajipunja. Nimekaa pale kikazi, nikarudi kwa hiari yangu na familia, na kila nikisikia mtu anasema "Addis hakuna kitu, ni uwanja tu" roho inaniuma.

Nianze na saa, maana ndiyo inayowavuruga wageni wengi. Saa zao ni saa zetu. Jua likichomoza wanaanza kuhesabu moja, mbili, hadi kumi na mbili jioni, usiku unaanza upya. Mzungu hili humsumbua wiki nzima, wewe Mswahili hulitolei jasho. Shida inakuja mkiongea Kiingereza. Dereva akikutajia saa mbili kwa Kiingereza, mara nyingi kichwani mwake ni saa mbili asubuhi, si saa nane mchana. Wengine wamezoea wageni, wanakugeuzia hesabu kabla hujauliza, na hapo ndipo mnapishana. Dawa yangu ni kuonyesha uso wa simu na kutaja kama ni asubuhi au mchana. Tiketi za ndege na hoteli kubwa zinafuata saa za kimataifa.

Kalenda nayo ni yao. Miezi 13: kumi na miwili ya siku 30, halafu Pagume wenye siku 5, au 6 mwaka mrefu unapofika. Mwaka wao mpya unaangukia 11 Septemba, mwaka mwingine 12, na wako nyuma yetu kwa miaka saba au minane kulingana na mwezi. Tarehe 11 Septemba 2025 wenzetu waliingia mwaka 2018. Usicheke, ni jambo la kuzingatia: risiti nyingi zinaandikwa kwa tarehe hizo. Kama umetumwa na ofisi na utadai marejesho, andika tarehe ya kawaida pembeni siku hiyohiyo, la sivyo mhasibu atakuona umeleta risiti za zamani.

La mwisho kwa leo, hewa. Mji uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na mlima Entoto ulio kaskazini yake unapita mita 3,000. Siku ya kwanza ngazi za ghorofa mbili zitakuhemesha hata kama unafanya mazoezi. Tembea taratibu, kunywa maji, pombe iache kwanza. Na beba sweta, usiku ni baridi hata miezi ya jua.

Waliofika wengine waongeze. Naomba tuandike tuliyoyaona wenyewe.

Bi Mkubwa wa Safari

Asante kwa uzi, Nahodha. Mimi nitagusa chakula, kwa sababu wadogo zangu huniuliza hili kabla ya viza.

Kwa Muislamu, Addis ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Ethiopia Wakristo na Waislamu kila mmoja anakula nyama iliyochinjwa na mtu wa dini yake, tena ni mazoea ya karne na karne. Kwa hiyo mabucha na migahawa hujitambulisha waziwazi. Angalia mlangoni au kwenye kibao: msalaba, au mwezi na nyota. Huhitaji kuuliza kwa kunong'ona, na ukiuliza hakuna anayenuna, maana na yeye anaangalia vivyo hivyo. Nguruwe hata Waorthodoksi wenyewe kwa desturi hawali. Ukitaka uhakika zaidi nenda eneo la Merkato karibu na msikiti mkuu wa Anwar, migahawa ya Waislamu ipo ya kutosha. Msikiti huo na kanisa la Raguel ni majirani, adhana na kengele unazisikia ukiwa umesimama sehemu moja.

Jambo la pili ni mfungo. Waorthodoksi wanafunga Jumatano na Ijumaa karibu mwaka mzima, na Kwaresima yao ni ya siku 55. Wakifunga hawagusi nyama, maziwa wala mayai. Ukiingia mgahawa wa Kikristo Ijumaa ukaagiza nyama unaweza kuambiwa haipo, na si kwamba wanakudharau. Siku hizo agiza beyaynetu ya mfungo: injera moja kubwa (mkate wao bapa na laini), juu yake vilima vidogo vya dengu nyekundu, dengu za njano, kabichi, mboga za majani, viazi na karoti, biti, katikati shiro, mchuzi wa unga wa dengu, inayochemka. Mimi si mtu wa kuacha nyama, lakini kwa sahani ile siku za mfungo nazingojea.

Injera ni chachu, na mara ya kwanza wengi wanaikunjia uso. Ipe nafasi ya pili ukiwa na njaa ya kweli. Kula kwa mkono wa kulia, sinia moja watu wote. Na mwenyeji akikunja tonge akakulisha mdomoni, pokea. Inaitwa gursha, ni heshima anakupa. Kugeuza uso pale ni kumvunjia adabu mbele ya watu wake.

Kitfo, ile nyama ya kusaga, wenyewe wanaipenda mbichi. Ukitaka iliyoiva sema kabla haijaletwa, wanakupikia bila neno.

Kijana Mpole

Shikamooni wakubwa. Mwezi ujao napita hapo, nasubiri ndege kuanzia asubuhi hadi usiku. Naweza kutoka nje au nitazuiwa? Na hela nibadilishe wapi?

Nahodha wa Bara

Marahaba kijana. Kutoka kunategemea paspoti yako. Wakenya wanaingia Ethiopia bila viza. Wengine tuangalie tovuti ya uhamiaji ya viza za mtandao kabla ya kumlipa wakala yeyote, kwa sababu masharti hubadilika na mawakala wengi wanakariri ya zamani. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ile ya njano yenyewe, picha kwenye simu usiitegemee. Tena uliza kwa shirika lako la ndege kabla hujasafiri: shirika la Ethiopia lina utaratibu wa kuwalaza hotelini abiria wa kuunganisha wanaosubiri saa nyingi, ila ni kwa masharti ya tiketi, si kila mtu anapata.

Hela ni birr. Mwezi Julai 2024 serikali iliachia thamani ya birr ifuate soko, na dola iliyokuwa inabadilishwa kwa takriban birr 57 ikapita 100 ndani ya muda mfupi. Kwa hiyo bei yoyote utakayoikuta kwenye maandishi ya 2023 isahau. Badilisha benki, kaunta zipo hapohapo uwanjani, na tunza stakabadhi hadi unaondoka kwa sababu utaulizwa ukitaka kurudisha birr kuwa dola. Watakaokuita pembeni barabarani wapite tu. Kosa ni la kisheria na hasara ni yako.

Kwa siku moja usijaribu kumaliza mji. Uwanja uko ndani ya mji, hauko mbali. Nenda Makumbusho ya Taifa, kula mchana, kunywa kahawa, zunguka Meskel Square, rudi mapema. Foleni ya ukaguzi pale Bole jioni ni ndefu, mizigo inapita kwenye mashine hata kabla hujafika kaunta.

Mchuuzi Mwaminifu

Merkato sasa, wakuu. Mimi nafuata bidhaa, sifuati makumbusho.

Soko lile huwezi kulielewa kwa kuzurura. Limegawanywa kwa mitaa ya bidhaa, wao wanaita tera. Kuna tera ya viungo ambako unapiga chafya kabla hujaona chochote, berbere nyekundu imerundikwa kwenye magunia wazi na kila mfanyabiashara ana mchanganyiko wake. Kuna ya kahawa, ya nguo, ya vyombo. Sehemu iliyonishika mimi ni Minalesh Tera. Pale mabati ya mapipa yanapigwa nyundo yakawa majiko na masufuria, matairi ya lori yanakatwa yakawa ndoo na kandambili, chuma cha jengo lililovunjwa kinanyooshwa kimoja kimoja kiuzwe upya. Nilisimama kwa fundi mmoja anayekunja bati la debe kuwa kikaango cha kahawa. Hana rula wala chaki, anapima kwa kiganja, na kila kikaango kinatoka sawa na mwenzake. Niliondoka na vikaango vyake kadhaa na bado nyumbani vinatumika.

Tahadhari: nenda asubuhi, nenda na mwenyeji, simu iwe mfuko wa ndani. Wapagazi wanapita na mizigo mikubwa mgongoni wakipiga kelele, ukisikia kelele nyuma yako sogea kwanza, angalia baadaye. Wezi wa mifuko wapo na wanafanya kazi wawili wawili, mmoja anakuvuta macho.

Kwa nguo za kitamaduni, zile nyeupe za pamba zenye nakshi pindoni, usinunue Merkato wala kwenye maduka ya Bole. Nenda Shiro Meda, kwenye barabara ya kupanda Entoto. Maduka yamepangana mita kwa mita, na wafumaji wenyewe hawako mbali. Netela ni shela jepesi, gabi ni zito la kujifunika usiku. Gabi nzuri ishike dhidi ya mwanga: ikiwa na matabaka manne, ni yenyewe.

Msoma Ramani

Usafiri sijaona mtu amegusa.

Hiace za buluu na nyeupe ndizo zinabeba mji. Konda anachungulia dirishani anaita "Bole Bole Bole" au "Arat Kilo" au "Megenagna", unapanda. Ukitaka kushuka sema "woraj ale", gari linasimama. Jioni vituoni watu wanapanga mstari wa kweli, mrefu, mtu nyuma ya mtu, na hakuna anayeruka zamu. Mgeni naye apange.

Treni ya mjini ilifunguliwa 2015, njia mbili, moja mashariki hadi magharibi na nyingine kaskazini hadi kusini, zinashirikiana reli katikati ya mji. Ni rahisi kwa bei lakini inajaa kupita kiasi, na mabehewa mengi yamewahi kukaa bila kazi kwa kukosa vipuri. Panda mara moja uone mji kwa juu pale inapopita kwenye daraja, kwa shughuli yenye muda maalumu usiitegemee. Kuna programu za teksi kama Ride na Feres, bei inajulikana mapema. Dereva atakupigia simu kukuuliza uko wapi, na jina la mtaa halitamsaidia. Mtajie kanisa, hoteli au mzunguko: Bole Medhanialem, Mexico, Sarbet. Na unapovuka barabara usitegemee masikio. Mwaka 2024 Ethiopia ilizuia kuingiza magari binafsi ya mafuta, ya umeme yamekuwa mengi na hayasikiki yakija.

Lakini, Nahodha, mbona hukusema kuhusu Piassa? Mtu aliyefika pale miaka ya nyuma akirudi leo atapotea. Ilikuwa sehemu kongwe ya biashara, maduka ya dhahabu, nyumba za mbao zenye vibaraza, vikahawa vya tangu enzi za babu. Mwaka 2024 sehemu kubwa ilibomolewa kwa mradi wa kupanua barabara na kupendezesha mji. Mtaa wa Kazanchis nao ukafuata. Wanaokuja mara ya kwanza wanasifia taa na njia za baiskeli. Mimi nilikuwa na mzee mmoja wa kuuza vitabu vilivyotumika pale, nilimtafuta, hata anayejua alikohamia sikumpata. Haiwezekani tukasifia lami bila kuwataja waliokuwa wakiishi chini yake.

Nahodha wa Bara

Msoma Ramani, umesema kweli na sitakubishia kuhusu watu waliohamishwa. Nitaongeza upande mmoja tu. Kabla ya hapo kutembea kwa miguu Addis ilikuwa hatari: mashimo, mifereji wazi, watu wanapita barabarani na magari. Sasa mama mwenye mtoto mgongoni anatembea kutoka Arat Kilo hadi Meskel Square kwenye njia pana, yenye taa usiku. Hilo nalo ni la watu wa kawaida. Wakazi niliowauliza wenyewe wamegawanyika, ndani ya familia moja unakuta majibu mawili.

Mwalimu wa Zamu

Naomba kusimama kwa ajili ya historia, maana mwenye mchana mmoja ameelekezwa Makumbusho ya Taifa na hakuambiwa anaenda kuona nini.

Pale yupo Lucy, wenyewe wanamwita Dinknesh. Mifupa yake ilipatikana Hadar, nchi ya Waafar, mwaka 1974, na umri wake ni takriban miaka milioni 3.2. Utakayoiona kwenye kioo ni nakala, ya asili inatunzwa kwenye hifadhi. Hata hivyo simama mbele yake. Urefu wake ni wa mtoto wa shule ya msingi, na alitembea kwa miguu miwili kama wewe.

Panda hadi Sidist Kilo, ndani ya Chuo Kikuu cha Addis Ababa. Jumba la makumbusho ya makabila lilikuwa kasri la Haile Selassie, na chumba chake cha kulala kimeachwa. Nje kuna ngazi ya kuzunguka iliyojengwa na Waitalia walipoikalia nchi, kila kidato kwa mwaka wa utawala wa mafashisti. Baada ya ukombozi Waethiopia hawakuibomoa. Waliweka simba wa Yuda juu kabisa. Barabarani, nje ya geti, upo mnara wa Yekatit 12, kumbukumbu ya maelfu waliouawa mjini humo Februari 1937 baada ya jaribio la kumuua Graziani, mtawala wa Kiitalia.

Kwa mwenye moyo mgumu, karibu na Meskel Square kuna makumbusho ya wahanga wa Ugaidi Mwekundu wa enzi za Derg, serikali ya kijeshi. Ni kuta za picha, mafuvu, nguo zilizofukuliwa makaburini. Usimpeleke mtoto mdogo.

Na sisi wazungumzaji wa Kiswahili tuna sababu ya pekee ya kwenda makao makuu ya Umoja wa Afrika. Sanamu ya Mwalimu Nyerere ilizinduliwa pale Februari 2024, jirani na za Nkrumah na Haile Selassie, na jengo la amani na usalama lina jina lake. Mwaka 2022 umoja huo ukakipitisha Kiswahili kuwa lugha ya kazi. Huingii kwa kubisha hodi, lazima uombe ziara mapema. Vilevile Africa Hall, ukumbi ambao Mei 1963 viongozi wa nchi 32 walitia saini mkataba wa kuunda OAU, mtangulizi wa Umoja wa Afrika. Ukifika, vioo vya rangi vya msanii Afewerk Tekle vinajaza ukuta mzima.

Sauti ya Chini

Nawasoma mnasifia, na mimi niseme yangu ili anayekwenda ajiandae.

Churchill Road nilifuatwa na vijana wawili wastaarabu, Kiingereza safi, wakasema ni wanafunzi na leo kuna sherehe ya utamaduni nyumbani kwao, nije nione ngoma na kahawa bure. Nilikataa kwa sababu mhudumu wa hoteli alikuwa ameshanionya. Ukikubali unaingizwa kwenye nyumba, zinaletwa chupa ambazo hukuagiza, halafu bili ya kukutoa roho. Pia yupo wa kukumwagia kitu kwenye nguo na mwingine wa kukufuta. Usisimame.

Intaneti nayo ina siku zake. Laini nilizochukua ni mbili, ya Ethio Telecom na ya Safaricom, iliyoanza huduma huko mwaka 2022. Paspoti inahitajika kusajili. Ramani pakua kabla.

Hata hivyo kwa usiku, peke yangu, nilijiona salama kuliko nilivyotarajia. Hilo nalo ni la kusemwa.

Bi Mkubwa wa Safari

Hamjaandika kahawa! Siwezi kukaa kimya.

Usinywe ya hoteli. Tafuta mwanamke aliyekaa kando ya njia na vigoda vifupi, majani mabichi yametandazwa chini, birika jeusi la udongo juu ya makaa. Anaosha buni mbichi, anazikaanga mbele yako, anakuletea kikaango upunge moshi kwa mkono uelekee puani. Anatwanga, anachemsha, ubani unafuka pembeni. Vikombe ni vidogo havina mkono. Ukitaka wanakutilia jani kidogo la tena adam, mmea wa kunukia, harufu inabadilika kabisa. Kitafunio ni bisi. Raundi ni tatu: abol, tona, bereka. Ukialikwa nyumbani kwa mtu usiondoke baada ya ya kwanza, kaa hadi ya tatu hata kama tayari ni nyepesi. Mambo yanayozungumzwa raundi ya tatu hayazungumzwi ya kwanza.

Kijana Mpole

Asanteni sana. Na nikitaka kurudi kwa likizo kamili, miezi gani?

Nahodha wa Bara

Julai na Agosti achana nayo, mvua ni ya kila siku na baridi yake inaingia kwenye mifupa. Mwishoni mwa Septemba mvua inakatika, milima ya Entoto inajaa maua ya njano ya adey abeba, na mkesha wa Meskel, sikukuu ya Msalaba, wanawasha moto mkubwa Meskel Square mbele ya umati. Januari ni kavu na kuna Timket, sikukuu ya ubatizo wa Yesu, tarehe 19, mwaka mwingine 20: tabot za makanisa, vibao vyao vitakatifu, zinapelekwa Jan Meda kwa maandamano, watu wamevaa nyeupe tupu, alfajiri wanarushiwa maji yaliyobarikiwa. Fika kabla ya mapambazuko, vaa nguo ya kufunika mwili, na ukiona watu wanainama tabot ikipita, shusha simu.

Februari ule wakati wa mkutano wa marais wa Umoja wa Afrika, epuka. Barabara za Bole zinafungwa misafara ikipita na vyumba vinapanda bei. Kama huna budi, weka nafasi ya chumba tangu Desemba.